Mtani wa Bwana Punguza

Hakuwahi kupiga hodi nyumbani kwetu. Aliingia tu, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akaonja, akatukana upishi, na alipoondoka aliondoka na kifuniko. Si mboga, si sahani. Kifuniko. Mama alikaa siku mbili tatu anafunikia sinia, kisha anakwenda kukidai, na huko anakuta vifuniko vya nusu ya kijiji vimeegeshwa ukutani. "Chukua chako," anaambiwa, "na hicho cha jirani yako mpelekee, yeye anaona haya kuja."

Bibi huyo ndiye Mtani. Jina analo, lakini sisi hatujawahi kulitumia, na yeye hajawahi kutuita kwa majina yetu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu huko nyuma, kwa sababu ambayo kila mzee anaieleza kivyake, nami nimeacha kuuliza. Kwa asiyejua, mtani ana ruhusa. Anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, kukuchukulia kitu, kukupaka masizi, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe. Msibani ndiyo kabisa. Wengine wanalia, yeye anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Jeneza likitoka, amelala kizingitini, halipiti mpaka wafiwa wambembeleze. Anaweka chokaa au unga kwenye pindo la kanga, anafunga fundo, na mtoto wa marehemu akipita anampaka usoni, mpaka aliyekuwa analia anajikuta anacheka huku kamasi zinamtoka. Kwetu sisi, mtu aliyezikwa bila kutaniwa ni kama mgeni aliyefia njiani.

Sitajifanya naandika haya kwa mapenzi tu. Naandika kwa hasira. Yuko mtu aliyetuharibia pwani yetu, hapa karibu na Ruvuma inapoingia baharini, na mtu huyo alikuwa mjomba wangu, ndugu ya mama tumbo moja. Kwetu mjomba ndiye mwenye mji. Ndiye aliyesimama kwenye ndoa yangu, na kama ndoa ingevunjika ndiye angeitwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nawafundisha watoto wa watu kusema kweli, na mbele ya mjomba nilikuwa napiga goti na kunyamaza. Mtani alinisemea.

Na mdomo alikuwa nao. Meno ya mbele yalishaondoka, kwa hiyo maneno yake yalitoka na mluzi mdogo, na "mtani" kwake ilikuwa "ntani" kama wasemavyo wazee wa huku. Riziki yake ilikuwa shamba dogo la muhogo na tondo, wale konokono wa matopeni anaowaokota chini ya mikoko maji yakipwa. Miguu yake ilikuwa na makovu ya mizizi ya mikoko mpaka magotini. Alikuwa akisema anamjua kila mkoko kwa tabia, upo mchoyo na upo mkarimu, na kwamba watu wa mjini wanaona pori pale yeye anapoona mtaa.

Mjomba alikuwa diwani. Mheshimiwa. Nami nakiri alikuwa na sauti nzuri, na sauti hiyo ndiyo iliyompeleka mbali, maana zilipoanza semina na makongamano ya hali ya hewa kila mtu alitaka kiongozi wa pwani anayezungumza vizuri. Akaenda moja, akaitwa la pili, akapanda ndege. Aliporudi kutoka lile la kwanza aliitisha mkutano uwanja wa shule. Akatuambia dunia nzima imekaa, imeamua kupunguza hewa. Nasi hapa tutapunguza hewa. Yeye mwenyewe ataongoza kupunguza hewa, na hatalala mpaka hewa imepungua.

Alisahau neno moja tu, "ukaa". Hewa ukaa. Lakini hatukuwa tumewahi kulisikia, kwa hiyo tukatazamana. Mama mmoja mwenye pumu akauliza kwa hofu ya kweli kama wagonjwa wataachiwa ya kwao. Ndipo Mtani akasimama.

"Ntani wangu," akasema, "samaki umeshapunguza. Mikoko umeshapunguza. Leo umefika kwenye pumzi? Basi anza na mimi, nimezeeka, nawe uliyebaki uvute ya watu wote."

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Mjomba naye alicheka, lazima niseme, alicheka sana, akafuta macho. Tangu siku ile akawa Bwana Punguza, hata kwa watoto wa darasa la kwanza.

Lakini Mtani hakuishia kwenye mzaha. Kikundi cha akina mama kilipotakiwa kutoa mtu wa kwenda semina ya mazingira Mtwara mjini, alijitolea yeye, eti anataka kulala kwenye kitanda cha hoteli. Alikaa siku tatu mbele ya picha za ukutani, akauliza maswali mpaka mtoa mada akaomba apumzike. Aliporudi alinieleza jambo ambalo mimi na cheti changu sikuwa nimelielewa sawasawa.

Pale mkondoni, ambako maji ya bahari huingia kati ya mikoko, kulikuwa na matanuri matatu ya chokaa. Wanayachimba matumbawe baharini yangali hai, wanayapanga juu ya magogo ya mikoko, wanachoma, na asubuhi ya pili wana unga mweupe wa kupakia nyumba za watu mpaka Nanyamba. Matanuri yale yalikuwa ya mjomba. Kwenye karatasi yalikuwa ya mwanawe, na ukimwuliza mjomba anasema hao ni vijana wanajitafutia.

"Jiwe la baharini lina hewa limeimeza," Mtani aliniambia. "Ukilichoma, linaitema. Mkoko nao una hewa umeimeza, ukiuchoma unaitema. Mjomba wako anawasha kimoja chini ya kingine. Amefungulia mbuzi wa mazizi mawili kwa siku moja, halafu yuko Ulaya anauliza nani kaona mbuzi."

Nikamwambia, kwa ubishi wa kimwalimu, kwamba kuta zake yeye mwenyewe zimejengwa kwa fito za mikoko, na kabla ya kila Idi anazipaka chokaa ya tanuri lile lile. Alininunia wiki nzima, na vifuniko vyetu vikapumzika. Wiki ya pili nikamkuta amepanda kwenye kinu, anapaka nyumba udongo mwekundu. Idi ile nyumba yake peke yake ilikuwa nyekundu kijijini, nyingine zote nyeupe. Alibakiza kopo dogo la chokaa uvunguni. "Hii ni ya kazi," alisema.

Mkaa lakini hakuuacha, na kila nikimgusia alinyoosha kidole chini. "Gesi inatoka hapo Mnazi Bay, inapita kwenda Dar es Salaam bila hata kunisalimia. Siku ikisimama kwangu nitaikaribisha ndani." Hapo alikuwa mbishi tu, na alijua, na hakujali. Hata ile fulana ya kampeni yenye sura ya mjomba na maneno ya kulinda mazingira, aliikunja akaifanya kata ya kubebea muhogo. Miaka kadhaa mjomba alikuwa anasafiri juu ya kichwa chake kutoka shamba.

Siku ya kupanda mikoko ndiyo ninayoikumbuka kwa uchungu wa kucheka. Mjomba alileta wageni, kamera, na mabuti mapya ya mpira. Mche wa mkoko ni kitu kirefu cha kijani, mithili ya tango jembamba, una ncha upande mmoja na chipukizi upande wa pili, na mtoto yeyote wa huku anajua upande upi unaingia kwenye tope. Bwana Punguza alikuwa amekulia hapa, lakini macho yake yalikuwa kwenye kamera. Akautia kichwa chini, miguu juu. Wageni wote wakamtazama, wakafanya vivyo hivyo, mstari mzima baada ya mstari.

Mtani alikuwa amewekwa pamoja na wanawake wa kuimba. Akaziacha nyimbo, akaingia topeni, akaung'oa mche wa mjomba na kuuinua juu watu wauone. "Ntani! Huyu umemzika hajafa, tena kichwa chini. Kwenu ndivyo mnavyozikana?"

Mpiga picha akamwomba asogee. Mjomba alicheka tena, ila safari hii alicheka mdomo tu. Picha ya mche ule uliopinduliwa ikaingia kwenye kalenda, na kalenda ikaning'inia ofisini kwa walimu mwaka mzima juu ya kichwa changu. Maji yalipokupwa siku iliyofuata Mtani alirudi na wanawake sita, wakaigeuza miche mmoja mmoja mpaka migongo ikafa ganzi. Wiki hiyo hiyo wakata kuni wa tanuri walikuwa nyuma yao, wanaangusha mikoko mikubwa iliyokuwa imesimama tangu utoto wa mama.

Nyuma ya mikoko hiyo palikuwa na makaburi yetu.

Naandika sentensi hii kisha nasimama, maana kila ninalolisema juu ya mjomba linatoka hapo. Mama alizikwa pale. Hatua chache kutoka kwake alizikwa mtoto pekee wa Mtani, aliyekufa kwa homa akiwa ndiyo kwanza ameoa. Mikoko ilikuwa ukuta wao, na matumbawe huko mbele yalikuwa yanavunja mawimbi kabla hayajafika. Ukuta ukakatwa, mawe yakachomwa, na bahari yenyewe kila mwaka inapanda kuliko mwaka uliopita. Mtani alikwenda kwa mjomba mara ngapi? Alikwenda na mzaha, na nyimbo, na wanawake wenzake, na barua niliyomwandikia mimi kwa jina lake. Kila mara alijibiwa kwamba uko mpango wa kupunguza hatua kwa hatua.

Ikaja bamvua moja, yale maji makuu yanayojaa kupita kiasi, na baada ya swala ya alfajiri tukasikia watu wanaita. Maji yalikuwa yamekata ardhi kama mtu anavyokata mkate. Wanaume wa msikitini walikuwa kwenye maji mpaka kiunoni na sanda mikononi. Mama tulimpata. Sitaeleza tulivyompata. Mtoto wa Mtani hatukumpata, mchanga wake wote ulikuwa umeondoka, na mama yake alichimba kwa mikono pale alipodhani ndipo mpaka maji yakarudi na kumfukuza.

Tulikuwa tumekaa juu kidogo, mimi nimepakata sanda ya mama, wakati simu ya mtu ilipotoa sauti ya redio. Ilikuwa sauti ya mjomba. Alikuwa kwenye kongamano, mbali, anasema viongozi wa pwani wamesimama mstari wa mbele kupunguza hewa ukaa, na safari hii neno hakulisahau. Mwenye simu alitaka kuizima, Mtani akamzuia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kayataja makaburi?" akaniuliza.

"Hapana."

"Katanja tanuri," akasema, kwa sababu meno hayakuwepo na midomo ilikuwa inamtetemeka. Akarudia polepole. "Katanja ... kataja tanuri?"

"Hajataja, bibi."

Akanawa mikono kwa maji yale yale ya chumvi, akaondoka.

Mjomba aliporudi, siku ya tatu, alikuja na magari mawili na sukari na mchele wa msiba wa pili. Mifupa tulikuwa tumeshaizika upya kule juu kwenye mikorosho. Watu walikuwa wamejaa uani, na wote walikuwa wanamngojea Mtani. Wengine walidhani atamrukia. Wengine walidhani atammwagia ndoo nzima ya chokaa, na angekuwa na haki, na ingekuwa dawa, maana baada ya hapo tungecheka, tukalia, na pengine tukasameheana.

Akatoka ndani amejitanda kanga vizuri, asivyokuwa na desturi. Akamsogelea, akapiga goti. "Shikamoo, Mheshimiwa."

Mtani alimwona mjomba akitambaa utotoni. Alimfuta kamasi. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na tena watani wa rika lolote hawapeani heshima za namna ile, heshima ni ya watu baki. Mjomba akajaribu kucheka. "Aa, ntani, acha hizo bwana." Lakini yeye alibaki pale, goti limekunjwa, macho chini, anangoja jibu lake. Shikamoo ina jibu moja tu. Ukilitoa kwa mama wa umri ule umejivika ukubwa usio wako, na usipolitoa huna adabu. Alingoja, hakuinuka.

"Marahaba," mjomba akasema, kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia.

Kwa miaka sita hakumpa neno jingine. Akimkuta sokoni, shikamoo Mheshimiwa. Akija mkutanoni na sauti yake nzuri, bibi anainuka mstari wa mbele, anapiga goti, shikamoo Mheshimiwa, anakaa. Hotuba nzima inaanzia kwenye ukimya huo. Hakuna aliyeandika bango wala aliyepiga kelele, na polisi wangekuja wangemkamata kwa kosa gani, la kuamkia? Lakini habari ilitembea. Mtani wake kamsusa. Na mtu aliyesuswa na mtani wake, nani atamcheka mzaha wake, nani atampa kura? Chama chake kikaona, kikamweka kando. Akahamia Shangani ya Mtwara mjini, kwenye nyumba inayotazama bahari, na huko kiharusi kikamkuta. Nilifurahi. Wenye dini watanisamehe au wasinisamehe, nilifurahi.

Mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Mwaka mmoja nilimwendea Mtani nikamwambia tumtafute shehe tumsomee mjomba Halbadiri, dua ile ya kumshitaki mdhalimu, tuone kama atafika Ramadhani. Mimi, mwalimu! Alikuwa anamenya muhogo, hata hakuinua kichwa.

"Halbadiri ina pupa," alisema. "Ikimuua, nani atazima tanuri?"

"Basi mtukane angalau. Unamwogopa?"

"Kumtukana ni kumlisha. Mimi nimemnyima."

Ndipo nilipojua kwamba hasira yangu ilikuwa ya moto wa makuti, na yake ya kisiki.

Mjomba aliniita mara moja kabla ya kufa. Nusu ya uso ilikuwa imelala na sauti ile nzuri ilikuwa imekwisha. "Mwambie ntani," alisema, "mwambie aje anitukane." Machozi yalikuwa yanatoka jicho moja tu. Nilimpelekea Mtani ujumbe, na nilidhani atakataa, lakini alivaa akapanda gari nami mpaka Shangani.

Alikaa kwenye kochi, miguu yake yenye makovu haigusi sakafu vizuri. Pale mezani, katikati ya sebule ya watu wenye uwezo, kulikuwa na sufuria la mchuzi limefunikwa. Mjomba alikuwa amemwamuru mkewe aliweke pale. Hakuna aliyesema kitu, lakini sote watatu tulijua kifuniko kile kimewekwa ili kichukuliwe. Moyo wangu, na hasira zake zote, ulisogea kidogo.

"Zima tanuri," Mtani akamwambia. Hakumwita Mheshimiwa. Alimwambia kama mtu anayemwambia mtu.

Mjomba alihangaika na mdomo wake kwa muda mrefu. "Tuta ... tutapunguza," akasema. "Kidogo kidogo. Kuna mpango."

Bibi alimtazama, kisha akalitazama lile sufuria. Akateremka kwenye kochi, akapiga goti, na safari hii goti lilichukua muda kufika.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba," akajibu mjomba wangu, na akageuza uso ukutani. Kifuniko tulikiacha pale pale.

Tulimzika kijijini, kule juu kwenye mikorosho. Asubuhi ya mazishi Mtani alikuja akaketi kizingitini mwa nyumba yetu, mahali pake pa siku zote, na nikaona pindo la kanga yake lina fundo, na fundo limevuja weupe. Alikuwa amekuja na chokaa. Baada ya miaka sita yote hiyo, alikuwa ameichota kwenye kopo, akaifunga, akaja nayo.

Jeneza likatoka ndani. Mbele kabisa alishika binamu yangu, mtoto wa mjomba, mwenye matanuri kwenye karatasi na sasa mwenye matanuri kweli, ambaye wiki ile ile watu walikuwa wanamtaja kwamba atagombea kiti cha baba yake na atakuja na ajenda ya mazingira. Mtani akasimama mlangoni, akafungua fundo, akamwaga chokaa kwenye kiganja.

"Wewe, ntoto wa Punguza," akasema. "Nikupake, au nikuamkie?"

Shehe alikohoa. Wabebaji walibadilisha mabega. Binamu yangu alikitazama kile kiganja, na nadhani alielewa kila kitu, kwa sababu alikuwepo uani siku ya shikamoo ya kwanza. Neno moja, kwamba atazima, lingetosha, na tanuri si kitu kigumu kuzima, ni kutotia kuni.

"Bibi," akasema, "tuzike kwanza."

"Zikeni."

Akairudisha chokaa kwenye pindo, punje kwa punje, akafunga fundo, akasogea pembeni. Jeneza la mjomba likapita mlangoni bila kuzuiwa na mtu. Bawa moja la mlango lilikuwa linawabana, na ni mimi niliyelifungua na kulishikilia mpaka wakapita.

Tangu siku hiyo binamu yangu hajajibu. Moshi tunauona bado, Alhamisi na Jumapili, na akija kijijini anazunguka njia ya shuleni asipite mbele ya ile nyumba nyekundu. Fomu za kugombea zitachukuliwa mwaka ujao, na siku hiyo atalazimika kusimama uwanjani mbele ya watu, na bibi atakuwa mstari wa mbele. Miguu yake haifai tena, anatembea na fimbo. Juzi aliingia jikoni kwangu bila hodi, akaonja, akasema hata mbwa wa Nanyamba wanakula chenye chumvi, akachukua kifuniko. Lile fundo lilikuwa bado kwenye pindo la kanga yake.